Alhamisi za Ghorofa ya Tatu

Jumapili yangu ya kwanza London nilikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa kushoto, kwa sababu Mombasa familia yetu ilikaa hapo. Mama mmoja mwenye kofia ya sufu alikuja na mumewe, akasimama, akanitazama, akatabasamu, kisha wakaenda kukaa nyuma yangu. Nikabaki peke yangu kwenye benchi la watu saba, na misa nzima nilisikia watu wakiimba mgongoni mwangu.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba lile lilikuwa benchi lao tangu wafunge ndoa. Waliona haya kunihamisha, wakaona haya kukaa nami. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nimekaa mahali na watu wamepakwepa.

Sisi ni Wagoa, watu wa asili ya pwani ya India. Babu alikuja Mombasa kijana, baba akazaliwa pale, nami nikazaliwa pale. Wazee wakisemezana walisema Kikonkani, shuleni tulisoma Kiingereza, na mengine yote, hata kugombana, tuliyafanya kwa Kiswahili. Baada ya uhuru kazi za ukarani zilianza kupewa wananchi, na sisi tuliokuwa na pasipoti za Kiingereza tukaanza kuulizana: wewe unakwenda wapi? Wazazi wangu walikwenda Goa, nchi ambayo baba aliijua kwa hadithi tu. Kaka yangu akaenda Kanada. Mimi nilikuwa na pasipoti na cheti cha kupiga taipu, nikapanda ndege kuja London kabla sheria haijatufungia mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kabla ya hapo sikuwahi kulala chumbani peke yangu hata usiku mmoja.

Kule kwetu padre alikuwa mmoja, na kazi zilizobaki zilikuwa zetu. Baba alipiga fidla kwenye kwaya na kuwafokea waimbaji waliochelewa. Mama na wenzake walifua na kupiga pasi vitambaa vya altare. Shangazi yangu alifundisha watoto katekisimu barazani kwake, huku akichambua mchele. Mtu akifa, padre alipofika alikuta wanawake wetu wamekwisha kukaa mkekani, rozari inaendelea. Neno "walei", yaani waumini wasio mapadre, nililisikia nikiwa mkubwa. Nilipolisikia nilishangaa kwamba jambo lile lina jina.

London nilipanga chumba kwa familia ya Kigujarati karibu na stesheni ya Rayners Lane. Walikuwa Wahindu waliokuwa na duka Kisumu. Mwenye nyumba, mama wa makamo, hakujua Kiingereza na mimi sikujua Kigujarati, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, yeye kile cha dukani na mimi cha Mombasa. Nilimwita Ben, kama Wagujarati wanavyoita dada. Kila Jumapili nikirudi alikuwa jikoni, ananiuliza swali lile lile.

"Leo umeongea na nani huko kanisa?"

"Na padre, Ben. Mlangoni."

"Amesema nini?"

"Amesema kuna baridi."

"Hiyo hapana maongezi. Baridi hata mimi najua."

Alinicheka, kisha akanisukumia sahani ya chapati. Alikuwa mwema. Lakini jioni jamaa zake walijaa sebuleni, wanawake wote wakicheka kwa lugha nisiyoielewa, nami nilipanda juu chumbani, nikawasha hita na kuandika barua mbili, moja ya Goa na moja ya Kanada. Barua zote mbili zilisema niko salama.

Miezi minane ilipita hivyo. Siku moja baada ya misa nilimngojea padre mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye haraka.

"Padre," nikamwambia, "nipe kazi."

Alidhani natafuta ajira. Nilipomweleza, alifikiri kidogo, akasema vinara vya shaba vinahitaji mtu wa kuving'arisha Jumamosi asubuhi, kwa kuwa aliyekuwa akifanya hivyo amehama. Nikakubali. Nilidhani nitakuta wenzangu, kama Mombasa, kwamba tutasugua huku tunasengenya. Nilikuta chupa ya dawa, matambara, na kanisa tupu. Nilifanya kazi ile miaka minne. Vinara vilikuwa kumi na viwili, na nilivijua kimoja kimoja, kipi kina ufa na kipi kimepinda. Waumini waliviona vinang'aa Jumapili, wala sidhani kuna aliyejiuliza ni mkono wa nani.

Ndipo ikaja ruhusa mpya, kwamba walei wanaweza kupeleka Komunyo kwa wagonjwa majumbani. Padre aliniita sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare.

"Nimekufikiria wewe," alisema. "Wengine wana waume, wana watoto. Wewe huna familia, na Alhamisi ofisi yenu inafunga mchana. Una nafasi."

Alisema kwa nia njema, kama mtu anayetaja sifa. Nilijibu ndiyo, padre. Kisha nikaenda chooni nyuma ya ukumbi wa parokia, nikafungua bomba ili maji yapige kelele, nikalia. Nilikuwa nimeuficha upweke wangu miaka yote ile, nikivaa vizuri, nikitabasamu, kumbe ulikuwa umeonekana, na sasa umepatiwa matumizi.

Hata hivyo nilifundishwa, nikabarikiwa mbele ya watu. Jumapili ya kwanza niliposimama kugawa Komunyo kando ya padre, mstari wangu ulikuwa na watu watano na wake ulifika mlangoni. Mmoja wa wale watano alikuwa yule mama wa kofia ya sufu.

Niliandikiwa wagonjwa watatu. Wawili wa kwanza walinipokea bila taabu. Wa tatu alikuwa bibi wa Kiayalandi, mshonaji wa zamani, anayeishi ghorofa ya tatu ya nyumba za manispaa, hana mtoto wala ndugu, na miguu ilikuwa imemkatalia ngazi. Nilipanda na kichombo kidogo cha dhahabu cha kubebea Komunyo kifuani, ndani ya mfuko alioushona mama yangu na kuutuma kwa posta. Nikabisha. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukiwa umefungwa.

"Wewe nani?"

Nikamtajia jina langu. "Natoka parokiani. Nimekuletea Komunyo."

"Padre yuko wapi?"

"Amenituma mimi, bibi. Siku hizi inaruhusiwa."

"Nani ameruhusu? Mimi nimemwita padre. Sipokei Bwana wangu kwa mkono wa mtu wa kupiga taipu."

Sijui nani alimwambia kazi yangu. Mlango ukafungwa, taratibu, bila hasira. Nikasimama ushorobani kwenye harufu ya kabichi iliyochemshwa. Padre alikuwa amenifundisha kwamba isipopokelewa irudishwe kanisani. Nikapanda basi, nikakaa ghorofa ya chini, mkono juu ya mfuko, simtazami mtu wala sisemi na mtu, kwa sababu hairuhusiwi kupiga soga ukiwa umebeba Ekaristi. Nilifungua kanisa, nikafungua tabernakulo, nikairudisha. Halafu nikakaa benchini kwa muda mrefu. Nilihisi kama mimi ndiye niliyerudishwa.

Alhamisi ya pili ikawa hivyo hivyo. Nilimwomba padre aniondoe.

"Hakukatai wewe," alisema. "Anakataa mabadiliko. Mimi nitamwendea kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Lakini usiache kupita."

Nilitaka kumwambia kwamba mabadiliko hayana uso, uso uliofungiwa mlango ni wangu. Alhamisi ya tatu nilikwenda nimejiandaa kukataliwa, nikabisha, na kabla hajasema nikamwahi.

"Najua hutaki kupokea kwangu. Nimekuja kukujulia hali tu. Unahitaji chochote?"

Nilisikia anavyohema, pumzi fupi fupi.

"Unaweza kusoma?" akauliza.

"Naweza."

"Macho yangu yamekwisha. Ile Injili ya Jumapili sijaisikia tangu majira ya baridi. Soma hapo hapo ulipo."

Nikatoa kitabu changu cha misa, nikasoma nimesimama ushorobani, mlango ukiwa wazi upana wa kiganja. Jirani mmoja alipita na vikapu, akatutazama kama vichaa. Nilipomaliza, bibi alisema, "Umekimbia mwishoni," akafunga.

Kwa hiyo nikaanza kujiandaa. Jumatano jioni chumbani nilisoma kwa sauti, polepole, nikikumbuka baba alivyokuwa akimkemea msomaji aliyemeza maneno. Ben alinisikia siku moja akabisha mlango kutaka kujua nazungumza na nani. Nikamwambia najifunza kusoma. Akashangaa, mtu mzima, mwenye kazi ya ofisini.

Juma la sita bibi aliufungua mnyororo. Chumba chake kilikuwa kidogo na kisafi, na cherehani dirishani imefunikwa kitambaa. Alinionyesha kiti. Nikasoma, akasikiliza amefumba macho, na kila nilipokosea mahali aliinua kidole, nami nikarudia. Chai hakunipa hata siku moja. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi.

"Kwenu wapi?"

"Mombasa."

"Huko Afrika? Lakini wewe ni Mhindi."

"Mgoa, bibi."

"Na Mkatoliki."

"Tangu babu wa babu."

Akalitafuna hilo. "Mimi nilikuja hapa na miaka kumi na tisa," alisema. "Walibandika karatasi madirishani, kwamba chumba kipo ila si kwa sisi Waayalandi. Nilikwenda misa mwaka mzima hakuna aliyeniuliza jina."

Nilingoja aseme zaidi. Akainua kidole, maana yake niendelee kusoma.

Tulikwenda hivyo miaka miwili na zaidi. Kila Alhamisi nilibeba Komunyo yake pamoja na za wale wengine, endapo atabadili nia, na kila Alhamisi nilimuuliza, naye alitikisa kichwa. Padre alipokwenda Ijumaa za kwanza alipokea kwake. Zamani ningeumia. Kufikia wakati ule nilikuwa nimezoea, ingawa sitasema uongo kwamba haikunichoma. Nilimwinamia, nikamfunika miguu blanketi, nikaondoka na kile nilichokuja nacho.

Majira ya vuli alianguka jikoni, akapelekwa hospitali. Nilimkuta wodini, mdogo sana kitandani, nywele zimesukwa na mtu asiyejua kusuka. Padre alikuwa safarini, anarudi kesho yake.

"Yuko wapi?" aliniuliza.

"Kesho atafika. Ninayo Komunyo hapa, ukitaka."

Niliona anataka, na niliona hawezi. Alikuwa ameshika msimamo ule maisha yake yote, na pale kitandani hakuwa na kingine cha kushika.

"Nitamngoja," alisema. "Wewe nisomee."

Sikuwa na kitabu. Nikamsomea kwa kichwa, ile Injili ya wanafunzi wawili waliotembea njiani na Bwana bila kumjua. Nilikuwa nimemsomea mara nyingi. Nilipokosea aliinua kidole kutoka kwenye shuka, kidogo tu, nami nikarudia. Padre alifika kesho yake asubuhi, akampaka mafuta, akampa Komunyo, na siku iliyofuata bibi akafariki.

Padre ndiye aliyeniambia kwamba bibi alikuwa ameacha agizo la mazishi yake: asome yule wa Alhamisi. Hakutaja jina langu. Naamini hakulijua. Mimi nililitaja siku ya kwanza mlangoni, yeye akaliacha lipite, nami sikulirudia tena.

Kwenye mazishi tulikuwa watano: padre, jirani wa vikapu, wanaume wawili wa kampuni ya mazishi, na mimi. Nilisimama mimbarini na kanisa lote lile mbele yangu, mabenchi matupu mpaka mlangoni. Nilisoma polepole. Mwishoni sikukimbia. Nilipomaliza nilingoja kidogo, kwa mazoea tu, nione kama kuna kidole kitainuka.

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Ben.

"Alikuwa ndugu yako?"

"Hapana."

"Rafiki?"

Nilifikiri. "Sijui, Ben. Hakuwahi kunipa hata chai."

Ben hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, akasema kwamba huko Kisumu kulikuwa na mteja mmoja mzee aliyegombana naye kila siku juu ya uzito wa sukari, na alipokufa dukani pakawa hapakaliki. Kisha jamaa zake wakafika, sebule ikajaa, nami nikapanda juu. Barua ya Goa jioni ile ilinishinda. Niliandika "niko salama," nikaikunja karatasi bila kuongeza neno.

Jumapili iliyofuata padre alinisimamisha sakristia, akaniuliza kama ningependa kupumzika majuma machache. Nilimwuliza kama kuna mtu mwingine anayengojea. Akavuta daftari, akaniandikia anwani ya mzee mmoja mjane, mtaa nisioujua.

"Huyu anasema sana," akanionya. "Hutapata nafasi ya kufungua kinywa."

Nikakunja kile kikaratasi, nikamwuliza basi la kwenda huko ni namba ngapi.