Dohani Saba za Fundi Mselem

Baba yangu, Mselem Kombo, alikuwa mwashi, na adui yake alikuwa maji. Ukimkaribisha nyumbani kwako, kabla hajakaa alitazama dari, na akiona doa hakuweza tena kunywa kahawa yako kwa raha. Chokaa yake aliiloweka mwaka mzima katika shimo nyuma ya nyumba yetu, Ngamiani, mjini Tanga. Sisi watoto tulikatazwa kulisogelea lile shimo zaidi kuliko tulivyokatazwa kusema uongo. Waashi wengine waliloweka miezi miwili, wakaona wamesubiri sana. Baba aliwaita wapaka rangi.

Alikuwa na haja moja tu duniani. Mnara wa msikiti wa mtaani kwetu ulijengwa na babu, na tangu babu afariki ulikuwa ukivuja. Mvua ikinyesha, ngazi za ndani zilijaa maji, na muadhini alikwisha kuanguka mara mbili. Mara ya pili ilikuwa alfajiri, na siku hiyo mtaa mzima ulichelewa kuamka. Baba alitaka mnara wa baba yake autengeneze yeye. Wazee wa msikiti walisema hawana haraka. Hawakuwa na haraka kwa miaka tisa.

Mwaka 1951 akaitwa Raskazone, kwenye nyumba ya zamani ya Mjerumani. Aliyempokea ni Laurenti, mpishi wa nyumba hiyo, Mbondei wa Muheza. Akampeleka sebuleni, akamwonyesha shimo kubwa ukutani, limejaa maji na mavi ya popo.

"Mvua inaingilia juu, kwenye dohani," alisema Laurenti. "Memsahibu anasema zulia linaoza. Hataki kuona tone."

Baba hakuuliza lile shimo ni la nini, na Laurenti hakusema. Siwalaumu. Kwetu sisi hupikwa uani, na moshi hutoka popote unapopenda. Tanga kuna joto la kumlaza mtu barazani. Nani angefikiri kwamba kuna aliyejenga mahali pa kuotea moto sebuleni, na dohani ya kutolea moshi wake juu ya paa? Baba alichoona ni mnara mdogo juu ya paa, ulioachwa wazi na fundi mvivu. Akauonea huruma, akauziba. Alitumia matumbawe na chokaa ya mwaka, akajenga kuba dogo, akalipiga lipu mpaka likang'aa, na kileleni akaweka kidude cha duara, ukubwa wa limau. Masika ile halikuingia tone.

Memsahibu akamsifu kwa jirani, jirani akamsifu kwa mwenziwe. Kufikia mwaka 1956 baba alikuwa amefunga dohani saba, zote zina kuba, zote zina limau. Watu wakamwita Fundi Dohani. Wazee wa msikiti waliposikia kwamba hata Wazungu wanamsifu, ghafla wakapata haraka. Wakatangaza kwamba baada ya sala ya Ijumaa watachagua kati yake na Msafiri, mwashi wa Pangani, na kwamba kazi ya mnara atapewa mtu asiye na lawama.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi linavuma na manyunyu hayakatiki. Ile nyumba ya kwanza ilikuwa na wapangaji wapya. Jumatano ya wiki hiyo, memsahibu mpya alikuwa na wageni wa chakula, na akaona baridi. Tanga! Akaagiza kuni, Laurenti akawasha. Moshi ulipanda, ukafika kwenye kuba la baba, ukakosa njia, ukarudi. Wageni wanane walitokea madirishani, mmoja na sahani yake mkononi.

Asubuhi Laurenti akaja kwetu, macho mekundu.

"Fundi, ile dohani uliifanyaje?"

"Niliiziba."

"Juu kabisa?"

"Kwani mvua huingilia wapi?"

Laurenti akajikalia barazani. "Moshi nao ulikuwa utokee hapohapo, bwana."

Baba akaweka kando kikombe chake cha kahawa. Kisha akauliza, "Na zile sita?"

"Hazijawashwa bado. Lakini kwa baridi hii, mtu akiwasha chumbani akalala, haamki."

Mama, Bi Saleha, alikuwa mlangoni anasikia yote. "Baba Asmahani," alisema, "leo Alhamisi. Ukienda kubomoa leo, kesho msikitini watakuwa wameshajua. Ngoja Jumamosi. Siku mbili tu."

Asmahani ndiye mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilitaka baba angoje. Nilitaka apate mnara wake, basi. Nayasema haya kwa aibu.

"Saleha," alisema baba, "mtu akifa kwa moshi wangu, mnara huo nitaupanda kwa miguu ipi?"

Akachukua nyundo na patasi, akapanda baiskeli. Kila nyumba mpishi alisimama chini, akauliza kulikoni, akajibiwa ukweli. Kufikia alasiri Ngamiani nzima ilijua kwamba Fundi Dohani anabomoa kazi yake nyumba kwa nyumba. Lakini chokaa ile haikutaka kuvunjika. Kuba la tatu lilimkatia patasi. La sita likamkatia ya pili. La saba alilimaliza kwa nyundo na matusi, na baba hakuwa mtu wa matusi. Alirudi mweusi tititi kwa masizi. Nilimtekea maji ya kuoga, nikaenda kulia nyuma ya nyumba, karibu na shimo la chokaa.

Yaliyotokea Ijumaa alinisimulia Msafiri mwenyewe, ambaye hakuwa na sababu ya kumpendelea baba. Wazee walikuwa wamekaa mkekani. Baba aliingia amechelewa.

"Mselem," alisema Shekhe Idarusi, imamu wetu, "hata leo unachelewa?"

"Niwie radhi, Shekhe. Nilipitia kwa mhunzi." Akatoa mfukoni patasi mbili zilizokatika, akaziweka mkekani, kusudi aaminiwe.

"Ni kweli kwamba umekosea nyumba saba?"

"Kweli."

"Na umebomoa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Shekhe akaokota patasi moja, akaigeuzageuza, akampa mzee wa pili, naye akampa wa tatu.

"Chuma hiki kimekatwa na nini?"

"Na chokaa, Shekhe. Ya mwaka."

Shekhe akamgeukia Msafiri. "Yako ya muda gani?"

"Miezi miwili," alisema Msafiri.

Wazee wakatazamana. "Lawama ipo," alisema Shekhe Idarusi. "Ila mnara wetu hautoi moshi. Mselem, anza Jumatatu."

Jumatatu nilimpelekea baba chai. Nilimkuta chini ya mnara, mwiko mkononi, hajapanda. Alikuwa amemtuma mtu amwite Shekhe, na Shekhe alikuwa amekuja na kandambili zake.

"Shekhe, kabla sijagusa kitu," alisema baba, "humu ndani hupita nini?"

Shekhe alimtazama sana. "Hupita muadhini, Mselem."

"Kwenda juu tu, au na kurudi?"

"Na kurudi, inshallah."

Baba akaitikia kwa kichwa, akampa mkono, akapanda mnara wa baba yake.