Nilivyomtunza Mchezaji wa Kithai

Nilipanda ndege kwenda Johannesburg kuiona nchi ya mkwe wangu, aliyezaliwa kwetu Morogoro wazazi wake walipokuwa uhamishoni, na Jumapili ya mwisho nikapelekwa kuwatazama Wathai. Binti yangu alikuwa amepata tiketi tatu. Alisema mtalii harudi kwao bila kuona onyesho, na hili la ngoma za asili za Thailand lilikuwa mjini kwa wiki moja tu. Sikubisha. Mgeni hana la kuchagua.

Tulikuwa watatu garini: binti yangu kwenye usukani, mimi pembeni yake, na nyuma mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, ameziba masikio kwa zile spika ndogo. Huyu ndiye aliyenileta. Majumba ya Johannesburg ningeweza kuyaona kwenye simu. Zilikuwa zimebaki siku tatu nirudi nyumbani, na mjukuu na mimi tulikuwa bado hatujazungumza.

Kosa lilikuwa langu, ingawa wakati ule sikukubali. Uwanja wa ndege alitangulia mbele ya mama yake, akasimama wima, akanitolea salamu nzima aliyoikariri: shikamoo bibi, pole na safari, karibu kwetu. Lafudhi ilikuwa ya Kizulu tupu. Nikacheka. Nilicheka kwa furaha, mpaka nikaegemea kitoroli cha mizigo, na watu wakageuka kututazama. Tangu hapo mtoto hakutamka tena neno la Kiswahili. Nikimsemesha ananielewa vizuri, ila ananijibu kwa Kiingereza. Kiingereza mimi nakijua, nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, lakini nilijifanya sikijui. Sikwenda kule kuzungumza Kiingereza na damu yangu. Basi tukaishi hivyo nyumbani kwao, mtaa wa Observatory, wabishi wawili, mama yake akitutafsiria mambo ambayo wote wawili tulikuwa tumeshayaelewa.

Jioni ya pili nilimsimulia binti yangu harusi za Tanga nilikokulia, jinsi tulivyokuwa tukimtunza mwimbaji: unainuka, unacheza taratibu mpaka mbele, unampa noti mkononi au unambandika kwenye paji la uso, kisha unarudi kitini unacheza vilevile. Binti yangu alifurahi sana. Mtoto alikuwa kwenye kochi na simu yake, na mimi nikajua upande ule hakuna anayesikiliza.

Ukumbi ulikuwa ndani ya jengo la maduka, na baridi yake ilikuwa ya kuhifadhia samaki. Walitangulia wasichana watano wenye kucha za shaba ndefu kuliko vidole vyenyewe, wakizungusha viganja polepole. Kisha likaja jitu la kijani na nyani mweupe, wote na vinyago, wakapigana bila kugusana. Mavazi yalikuwa mazuri, dhahabu mpaka vifundoni, miguu peku. Walionikera ni watazamaji. Wamekaa tu, simu juu, mchezo ukiisha wanapiga makofi kidogo, basi. Mtu anakutolea jasho lake na wewe unamtazama kama taarifa ya habari.

Kisha akatoka mwanamama peke yake, mnene kidogo, wa umri wa binti yangu, na nyuma yake mzee mmoja akashika zumari. Naiita zumari kwa sababu sijui wao wanaiitaje, lakini sauti ni ileile, ya puani, isiyokuachia. Yule mama akaanza kuimba huku akikunja vidole kwa nyuma mpaka vyangu vikaniuma. Mara ya mwisho kusikia zumari ilikuwa harusi ya dada yangu, na dada yangu sasa ni marehemu. Machozi yakanitoka, nikainuka.

Sikufikiri. Nilifungua fundo la khanga yangu, nikatoa noti, nikashuka ngazi za katikati nikitikisa mabega kidogo kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshafika mbele nilipogundua kwamba hakuna aliyenifuata. Kwetu wa kwanza akiinuka, wa pili yuko nyuma yake. Yule mama alinitazama, akapiga goti bila kukatiza wimbo, akaipokea noti kwa mikono miwili na kuigusisha kwenye paji la uso. Nadhani hata kwao wapo wanaotunza. Lakini ukumbi ulianza kucheka, kwanza mmoja, kisha safu nzima, na simu zilizokuwa zikimwelekea yeye zikanigeukia mimi.

Dada mmoja mhudumu wa ukumbi akaja akanishika kiwiko. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba watazamaji hawaruhusiwi kusogelea jukwaa. Nilielewa kila alichosema na sikuweza kumjibu hata neno moja. Nilikuwa mtu mzima wa miaka sitini na saba, nimesimama mbele ya watu wanaonicheka, na aibu ilikuwa imenishika hata kiti changu sikujua kiko wapi.

Ndipo mkono mdogo ukashika wangu. Mjukuu wangu alimwambia mhudumu maneno machache ya Kizulu, nikaambulia "gogo" tu, yaani bibi, na yule dada akaniachia. Mtoto akanigeukia.

"Bibi, huku hawatunzi," alisema. "Twende tukakae."

Lafudhi ilikuwa ileile. Neno hilo la kutunza hakulipata shuleni, wala mama yake hana kawaida ya kulitumia. Alilipata jioni ile kwenye kochi, kwangu. Tulipanda ngazi taratibu kwa sababu ya magoti yangu, na watu walikuwa bado wanacheka. Yeye hakucheka.

Tulipokaa, binti yangu alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Zumari ilikuwa inaendelea. Nilimwinamia mtoto, nikamwambia kwamba siku ile uwanja wa ndege nilicheka kwa furaha tu.

"Najua, bibi," alisema. "Lakini ulicheka."

Basi nikamwomba radhi, mimi niliyewaombesha radhi watoto wa watu miaka thelathini na nne. Alifikiri kwanza, huku akimtazama yule mama wa jukwaani, kisha akasema sawa.