Mafuta ya Mkia

Watu wanaotafuta matope kwa hiari yao niliwaona mara moja tu maishani, na mara moja ilinitosha.

Ilikuwa miaka ya emajensi, serikali ikipigana na Mau Mau, wakati sisi watu wa Nyeri tulikuwa tukiomba ruhusa hata ya kwenda mtoni. Nilikuwa mpishi wa kukodiwa mjini, na pasi yangu ilikuwa imegongwa mihuri mpaka sura yangu pichani ilikuwa haionekani vizuri. Ijumaa moja, mzungu mwenye shamba upande wa Kiganjo alikuja mlango wa nyuma wa hoteli nilipokuwa nikisugua sufuria. Alitaka mpishi wa kupanda naye mlimani Jumamosi na kurudi Jumapili. Yeye na wenzake walikuwa na klabu ya wenye landrova. Mara kwa mara walipanga magari yao foleni, moja nyuma ya jingine, wakaenda mahali pasipo na barabara, wakalala kwenye hema wakipiga gramafoni, wakarudi. Nikamuuliza huko wanaenda kufanya nini hasa.

"Kupiga kambi," akasema, akinitazama kama mtu aliyeulizwa watu huenda kanisani kufanya nini.

Nilitaka kumwambia kwamba watu wetu wengi walikuwa kambini tayari, na hakuna aliyebeba gramafoni. Nikauliza mshahara.

Mshahara alioutaja niliukubali papo hapo. Wachuuzi wa soko la Nyeri wangesikia hivyo wangenipeleka hospitali, kwa maana mimi nilikuwa nabishana hata nikipewa cha bure. Lakini siku hiyo nilikuwa na biashara nyingine kichwani. Dada yangu alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, ndani ya kile kijiji tulichosukumiwa kwa nguvu, chenye mtaro uliojaa vijiti vilivyochongwa na lango moja lililolindwa na homgadi, askari wa kwetu wenyewe waliotumikia serikali. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Hakuna kitu. Kwetu mwanamke akizaa huchinjiwa kondoo dume, mafuta yanayeyushwa, anatiliwa kwenye uji mpaka maziwa yashuke. Lakini baba wa mtoto alikuwa kizuizini, na kondoo wote wa kijiji walikuwa wamefungiwa zizi moja kando ya kituo cha homgadi. Ukichinja mmoja bila kibali utaambiwa unalisha watu wa msituni, na baada ya hapo watu wako watakuulizia wasikuone. Mama alikuwa ameniambia maneno machache tu: "Tafuta mafuta. Hata kijiko."

Kwa hiyo nikamuuliza yule mzungu, "Bwana, nyama mtakula?"

"Tutanunua kondoo njiani."

"Basi nitamchagua mimi, nitamchinja mimi. Nyama yote yenu. Ngozi yenu. Kichwa chenu, kama mnakitaka. Mkia na mafuta ya tumboni ni yangu."

Akacheka. "Mafuta hiyo sisi hapana kula. Wewe chukua."

"Sema tena, bwana."

"Mafuta ya kondoo iko yako."

Kwangu mimi patano lililosemwa mara moja halijazaliwa. Hili lilikuwa limesemwa mara mbili, nikalala vizuri.

Jumamosi asubuhi nilihesabu magari nikapata saba. Nikahesabu tena kutoka nyuma kwenda mbele, yakawa saba bado. Ndani yake mlikuwa na bunduki, vitambaa vya meza, ile gramafoni, bafu la turubai la kukunja, na mbwa mmoja mwenye masikio marefu aliyepewa kiti cha mbele. Mimi nilipewa nafasi nyuma ya gari la mwisho, pamoja na wapagazi kadhaa na fundi wao, Mkamba mkubwa wa mwili ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza walichovunja.

"Hawa wanaenda wapi kabisa?" nikamuuliza.

"Kwa matope."

"Ati kwa matope?"

"Wewe kaa. Utaona."

Kabla ya kuiacha barabara karibu na Kiganjo, msafara ulisimama kwa mchungaji mmoja, mtu mzima, mwenye kundi la kondoo wa mkia mnene. Nikashuka. Nikaanza kupapasa mikia, mmoja baada ya mwingine, na nilipomaliza nikaanza upya. Mchungaji alinivumilia mpaka akachoka.

"Wewe unanunua kondoo ama unanunua mkia?"

"Kondoo ni ya wazungu."

Akaniangalia kidogo. "Ni bibi ama ni dada?"

"Dada."

Alienda nyuma ya kundi akaniletea dume ambaye mkia wake ulikuwa ukiyumba kama mfuko wa unga. Yule mzungu aliyenikodi, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, alilipa bila kumtazama kondoo, na mimi nikasafiri naye miguuni, nimeushika mkia ule kama mtu anayeogopa mwizi wa mfukoni.

Sasa, matope. Palikuwa na njia ya wakata mbao iliyopanda hadi ukingo wa msitu, kavu, nzuri, hata mzee angeipanda na baiskeli. Kiongozi alipiga filimbi, akaiacha. Akashuka bondeni kwenye kinamasi, na wale sita wakamfuata. Magari yalizama mpaka kwenye milango. Wazungu walishuka wakisifiana. Mimi, fundi na wapagazi tukaingizwa nyuma kusukuma, na kila gari liliponguruma lilitutemea matope midomoni. Walipotoka upande wa pili walipeana mikono. Halafu mmoja akasema hakupata picha nzuri, tukarudi.

"Nilikuambia," fundi akasema, akitoa tope sikioni kwa kijiti.

"Na hii wanalipia?"

"Kila mwaka. Na wasiolipa wanafukuzwa."

Siku hizo mama yangu alikuwa akichimba mtaro wa kijiji kwa lazima, ndani ya matope hayo hayo, na akichelewa anapigwa. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumleta ajiunge na klabu.

Tulipiga kambi kwenye uwanja wa nyasi chini ya msitu. Nikachinja. Nyama nikaichoma, wakala nusu, nusu wakamtupia mbwa ama wakaacha kwenye sahani ikiwa na vipisi vya sigara ndani. Mimi nilikuwa na moto wangu mdogo kando. Niliukata mkia na mafuta ya tumboni vipande vidogo, nikayeyusha polepole, nikachuja kwa kitambaa safi mara mbili, nikamimina kwenye mkebe wa majani ya chai. Baridi ya mlima ilifanya kazi yake. Kabla jua halijatua mafuta yalikuwa yameganda, meupe, laini, yamefika shingoni mwa mkebe. Nikaufunga, nikauweka ndani ya sanduku la jikoni chini ya unga. Fundi aliusikia uzito wake mkononi.

"Huyo mtoto atakuwa na mashavu," akasema.

Jumapili asubuhi tulienda yeye na mimi kuteka maji. Tuliporudi niliona jambo ambalo nikilikumbuka hata leo mate hunijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Wazungu walikuwa wameketi mduara kwenye jua, kila mmoja na buti lake la jana mapajani, limelowa na kukauka mpaka likakunjamana. Katikati yao mkebe wangu ulikuwa unazunguka mkono kwa mkono kama sahani ya sadaka. Mmoja alichovya vidole viwili, akapaka, akatema mate juu ya ngozi, akasugua, akachovya tena kwa vidole vile vile. Mwingine alitumia soksi. Mbwa alipewa kidole alambe, na kidole kikarudi mkebeni.

Mke wa kiongozi aliniona akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinikera zaidi. "Mpishi, mimi natafuta chumvi, naona hii. Dawa ya kiatu mzuri sana. Wewe natengeneza?"

"Hiyo ni chakula, memsahib."

Akawatafsiria wenzake. Wakacheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea mtoto. "Ndiyo," akasema, "chakula ya kiatu."

Nikamgeukia kiongozi. "Bwana, tulipatana. Ulisema mara mbili."

"Mimi nakumbuka. Mafuta iko yako," akasema, akiendelea kusugua. "Hapana nyang'anya wewe. Sisi naomba kidogo tu."

Nilitazama mkebe. Robo ilikuwa imekwisha. Nikatazama mabuti ambayo yalikuwa bado hayajaguswa, nikayahesabu, nikayahesabu tena, nikaona kwamba kwa mikono ile mafuta hayatafika jozi ya mwisho. Ukweli wangu ulikuwa hauna mnunuzi pale. Basi nikauza kitu kingine.

"Bwana," nikasema, "hii si kazi ya mabwana. Mnajichafua. Leteni nipake mimi."

Walifurahi. Mkebe ukarudi mikononi mwangu. Nilipiga magoti kwenye nyasi, nikachukua ile soksi iliyokuwa imeshiba mafuta na mate, na kwa soksi hiyo nikapaka buti baada ya buti. Kila mara niliigusisha mkebeni kwa ncha kavu, waone, kisha nikasugua kwa nguvu za mkono, maana nguvu nilikuwa nazo bure. Mabuti yaling'aa. Wakasema hawajapata kuona mtu anayejua kazi hivi. Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu na debe la maji. Harufu ya miguu ya watu wale na ya mafuta ya mtoto wa dada yangu zilipanda puani pamoja, nami nikazivuta zote mbili, kwa sababu nikigeuza uso mkono utapunguza kasi.

Wakati wa kufunga mizigo kiongozi aliamuru shimo lichimbwe. Sheria ilikataza kuacha chakula karibu na msitu. Tukatupa humo paja zima la nyama, mikate miwili, viazi vilivyopikwa, siagi. Akamimina mafuta ya taa juu yake yote, akahakikisha yameingia kila mahali. Niliomba mkate mmoja. Akasema sheria ni sheria, na kweli alikuwa na huzuni kidogo aliposema hivyo. Kisha macho yake yakaangukia mkebe uliokuwa kwapani mwangu, na debe la mafuta ya taa lilikuwa bado mkononi mwake.

"Hiyo chakula?"

"Hapana, bwana. Dawa ya kiatu."

Akaridhika. Nadhani aliona nimeelimika.

Walinishusha njia panda, nikatembea mpaka kijijini kabla ya saa ya kufunga lango. Aliyekuwa zamu nilitahiriwa naye, tuko riika, yaani rika moja, lakini siku hizo hiyo haikukusaidia ila kukutambulisha. Alinipekua mifuko, akafungua mkebe, akanusa.

"Hii ni mafuta ya kondoo."

"Ni ya viatu. Wazungu wanapaka. Uliza klabu yote."

"Wazungu wanapaka viatu mafuta ya mkia?"

"Leo asubuhi."

Alinitazama. Alijua dada yangu amezaa, kijiji kizima kilijua, mtoto alilia mpaka walinzi wakalalamika. Miguuni alikuwa na mabuti mapya ya serikali, magumu kama mbao. Akayatazama, akatazama nyuma yake alikokuwa mkubwa wake, akanyoosha mguu mmoja mbele.

"Kama ni ya viatu, paka."

Nikapiga magoti tena. Ile soksi nilikuwa nayo mfukoni. Nilipaka buti la kulia mpaka likang'aa, nikausogelea mguu wa kushoto. Akaurudisha nyuma.

"Moja inatosha," akasema kwa sauti ndogo. "Ingia, riika. Usikae hapo."

Sikumshukuru. Mpaka leo sijaamua kama nilipaswa.

Ndani ya nyumba dada alikuwa amelala kwa ubavu, mtoto kifuani, amechoka kulia. Mama alipokea mkebe akaupeleka penye mwanga wa moto. Aliona tope juu yake, unywele wa mbwa, na alama za vidole vya watu wengi. Nikamnong'oneza kwamba langoni nimesema ni ya viatu. Kwa kijiko cha mti alikwangua tabaka lote la juu, akaliweka kando kwenye kigae. Yaliyobaki akayachemsha na maji, akayaacha yapoe, akayatoa, akayachemsha tena. Mimi nilikaa mlangoni nikiosha mikono kwa majivu, na nilipomaliza niliosha tena. Dada akanywa uji wake wote, akalamba kibuyu.

"Ni matamu," akasema. "Umeyatoa wapi?"

"Mlimani."

Maziwa hayakushuka usiku ule. Yalishuka baadaye katika wiki, kidogo, halafu ya kutosha, na mtoto akaacha kulia kwa hasira akaanza kulia kama watoto wengine.

Lakini jioni ile niliona kile kigae bado kiko kando ya moto, na ule uchafu juu yake. Nikakichukua nikakitupe. Mama akanishika mkono.

"Wewe kwani ni tajiri?" akasema. "Si umesema ni ya viatu?"

Akaketi, akanyoosha miguu yake, visigino vimepasuka kwa kuchimba mtaro peku, nyufa zimejaa udongo mweusi. Akaanza kuipaka, mguu wa kulia, halafu wa kushoto.