Mwaka Soko Lilipohamishwa

Jumanne hiyo soko lilikuwa limejaa. Mama alikuwa ametandaza gunia la pojo, na wafugaji wa ngamia kutoka ng'ambo ya mto walikuwa wamekuja kununua sukari. Hatukupendana, lakini tulipishana njiani. Hivyo ndivyo tulivyoishi huko Kitui, mpakani.

Kisha mvua ikakosa. Mto wetu ni wa mchanga, na maji ni ya kuchimbwa. Ngamia wakaingia mashambani, wakala mbaazi zikiwa bado na maua. Vijana wetu wakakata miguu ya ngamia wawili. Siku tatu baadaye risasi zikapigwa karibu na shule, ikafungwa. Kanisani mchungaji aliomba amani, na nje ya mlango wanaume walinoa panga.

Chifu akaita baraza. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana kwamba visima vya mtoni viwe vya ngamia kila Jumanne, kwa kuwa siku hiyo sisi wakulima sote tuko sokoni. Siku nyingine ni vyetu. Mimi ndiye niliyeandika karatasi, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Niliandika: Jumanne. Wakatia vidole gumba.

Miezi miwili ikapita bila risasi hata moja. Ndipo askari wakasema Jumanne hawana watu wa kulinda soko. Likahamishiwa Alhamisi.

Huko kwetu karibu hakuna aliyehesabu siku kwa kalenda. Tulihesabu kwa soko: kesho soko, jana soko.

Asubuhi moja kaka yangu Kilonzo alikuwa akifunga mitungi juu ya punda.

"Wewe karani," aliniita, "leo mto ni wa nani?"

"Soko ni keshokutwa," nikamwambia. "Leo ni wetu."

"Una hakika? Nikikosa maji, wewe ndiye utakayenyonywa na hawa punda."

Mama alicheka. Kilonzo akaondoka akipiga mluzi.

Ilikuwa Jumanne.

Nilikumbuka karatasi nikiwa nakata kuni. Nilitupa shoka, nikakimbia.

Risasi ya kwanza niliisikia kabla ya kufika kwenye ukingo.

Halafu mbili.

Nikalala chini.

Niliponyanyuka, ngamia walikuwa wakiondoshwa upande wa pili. Kilonzo alikuwa ndani ya kisima chetu hadi kiunoni, uso kwenye mchanga. Maji ya kisima yalikuwa mekundu.

Ulikuwa mwaka wa kura. Kwenye mazishi mwanasiasa mmoja alishika kipaza sauti, akasema, "Hawa watu wamevunja mkataba! Mtakaa tu mkilia?"

Watu wakapiga kelele. Karatasi ilikuwa kwa chifu, na hakuna aliyeitaka isomwe. Mimi nilijua imeandikwa nini. Nilisimama nyuma ya wanawake, nikatazama miguu yangu.

Jioni hiyo hiyo vijana walivuka mto na mishale na petroli. Tuliona moshi. Walirudi wakiimba. Mmoja akasema mzee mmoja hakuweza kutoka ndani, na wengine wakacheka.

Baada ya hapo hakukuwa na soko siku yoyote. Tulihamia Mbumbuni kwa mjomba, ambako tuko mpaka leo.

Kila mgeni akija, mama humweleza jinsi wale watu walivyovunja mkataba. Mwezi uliopita tulikuwa tukimenya mbaazi, naye akaanza tena, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mwaitu," nikamwambia, "hawakuvunja. Mimi ndiye niliyekosea siku."

Nikamweleza yote. Mikono yake ilisimama.

"Kwa hivyo siku hiyo mto ulikuwa wao."

"Ndiyo."

"Na tukawachomea nyumba."

"Ndiyo."

Aliokota mbaazi nyingine, akaimenya. Nilidhani atanifukuza.

"Yule mzee aliyeshindwa kutoka," akasema, "aliitwa nani?"

Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.