Shangazi Aliyebaki Mzima

Babu alianza kukojoa damu akiwa bado ana nguvu za kulima. Kisha mbavu zikamvimba, huku na huku, akafa. Baba alifuata, halafu baba mdogo. Kule kijijini, karibu na Kaengesa, hakuna aliyetaja figo. Watu walimtazama aliyebaki: shangazi, dada yao, ambaye hakuwahi hata kulalamikia kiuno. Kwetu, ndugu wakiisha mmoja mmoja, mwenye afya ndiye anayeulizwa amewaua kwa dawa gani. Hawakumpiga. Walimwambia tu ahame, ateremke bondeni, na huko Kaoze ndiko alikozikwa. Mama alinikataza kumlilia.

Kaka yangu naye alifikishwa hospitali mjini hali ikiwa mbaya. Daktari alituonyesha picha ya ultrasaundi: figo kubwa, zimejaa vifuko vya maji. Akauliza habari za baba na babu, nikamweleza. Akasema ugonjwa huo hutoka kwa mzazi. Mtoto mmoja huurithi, mwingine huukosa, bila kosa la mtu yeyote. Nikamuuliza kama shangazi aliukosa tu.

"Inawezekana kabisa, mama."

Tulimzika kaka. Kabla ya kuanua tanga, mimi na mdogo wangu wa kiume tukaenda kupimwa. Nikiwa kitandani, na ile jeli baridi tumboni, sikujua niombe nini. Nikiwa nao, nimekwenda. Nisipokuwa nao, nitabaki peke yangu katikati ya wagonjwa.

Mdogo wangu alikutwa na vifuko. Aliambiwa adhibiti presha na asikose kliniki, huenda akaishi miaka mingi. Tulipokaa kwenye benchi nje akaniuliza, "Wewe je, dada?"

"Sina."

Alitikisa kichwa. "Basi ng'ombe wa baba ni wako."

Nilijua anatania. Hatukucheka.

Nyumbani alimweleza mkewe majibu yote mawili, lake na langu. Nilikuwa nimekaa jikoni, mtoto wao amesinzia mapajani mwangu. Wifi yangu alikuja akasimama mlangoni.

"Wifi, wewe umetumia nini?"

Nikamweleza kama daktari alivyotueleza, polepole, bila kuficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia, akasema sawa. Kisha akainama, akamchukua mtoto. Mtoto alilia, maana usingizi ulikuwa umemkolea, akininyooshea mikono. Mikono yangu niliiacha pale ilipokuwa.