Tisa Kati ya Kumi na Moja

Ephrasia Kokugonza alikuwa mtu wa kadi. Tangu Uhuru ukiwa bado mbichi, alitunza maktaba ya kituo kimoja cha utafiti wa kilimo nje kidogo ya Bukoba: chumba kimoja, madirisha mawili, na majarida ya nchi nyingi yaliyoletwa na meli, mengine yakiwa yamelowa. Kila makala aliisoma kuanzia mwisho, pale waandishi wanapoorodhesha kazi za wenzao walizozitegemea. Akikuta jina la mtafiti wa kituo, aliweka alama kwenye kadi yake. Aliyejitaja mwenyewe hakumhesabia. Huko, alisema, ni kujipigia makofi. Hakuna aliyemtuma kazi hiyo. Alipenda tu kujua maandishi ya nyumbani yamefika wapi.

Mwaka 1974 ikaja fomu kutoka makao makuu. Kila mtafiti ameandika makala ngapi, na wengine wamezitaja mara ngapi? Atakayeshika mkia, shamba lake la majaribio litang'olewa na kupewa mwingine. Watu walihangaika, lakini Ephrasia alifungua sanduku lake na kumaliza kwa saa moja. Burhani, mtafiti wa ugonjwa wa kutu ya kahawa: mara sitini na tatu. Damian Rugaibula, mtafiti wa fukusi wanaotoboa migomba: mara tisa.

Jioni Rugaibula akapita maktaba, akaisoma fomu akiwa amesimama.

"Hujakosea, dada?"

"Sijakosea, waitu," akajibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Nimerudia mara tatu."

"Basi migomba yangu nitaing'oa mwenyewe. Sitaki mwingine anifanyie."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo Ephrasia alipoumia. Migomba mia mbili, miaka minane ya kuhesabu fukusi mmoja mmoja, na aliyeimaliza ni yeye na kadi zake safi. Angejua, angekosea hata kidogo. Lakini kukosea makusudi hakukuwa kwenye damu yake.

Jumamosi akapanda basi kwenda Izigo kwa mama yake, Joviana, akamkuta akitandaza nyasi kibanjani, shamba la migomba linalozunguka nyumba. Kwao mche wa mgomba haupandwi kimya kimya. Ukipewa, unakumbuka aliyekupa; ukimgawia mwingine, unamtajia. Mama yule aliweza kusimulia shamba lake lote kwa majina ya watu, nusu yao marehemu.

"Mama, miche yako imefika nyumba ngapi?" Ephrasia aliuliza, ili tu asifikirie fomu.

"Ya ndizi za kupika, nyumba sita. Ile ya dawa ya wazazi waliotoka kujifungua, aliyoniachia bibi yako, nyumba nne."

"Basi ya kupika imeshinda."

Joviana akanyoosha kiuno. "Ndiyo shule mliyosomeshwa hiyo? Ndizi za kupika ziko kila nyumba, na kila mtu anagawa. Ya dawa iko nyumba nne tu kijiji kizima, na zote nne zimetoka hapa. Uliza kwanza wanaopanda ni wangapi, ndipo uhesabu."

Ephrasia hakungoja hata chakula kiive. Mama yake alinung'unika kwa wiki nzima.

Jumatatu na Jumanne alipekua majarida ya miaka kumi. Juu ya kutu ya kahawa alikuta makala zaidi ya mia saba, na kila moja ilitaja watu kwa makumi. Juu ya fukusi wa migomba, dunia nzima iliyofika Bukoba, alikuta kumi na mbili. Moja ilikuwa ya Rugaibula mwenyewe, akaiweka kando. Katika kumi na moja zilizobaki, tisa zilimtaja.

"Fomu haina safu hiyo," mkuu wa kituo akasema.

"Ina nafasi pembeni, mzee." Na hapo pembeni akaandika: tisa kati ya kumi na moja.

Mkuu akaitazama sana, kisha akatia sahihi. Bahasha ikaondoka na meli ya Jumatano.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Shamba la migomba libaki. Na aliyehesabu vile aeleze kwa maandishi njia aliyotumia. Ephrasia akaandika kurasa mbili, akazituma, akaendelea na vumbi la rafu zake.

Miaka miwili baadaye likafika jarida lenye makala mpya ya Rugaibula. Kama kawaida, akaanza mwisho. Kati ya majina ya maprofesa, kwenye herufi K, palikuwa na Kokugonza, E., na kurasa zake mbili.

Alikaa. Kisha akachukua kadi mpya, akaandika jina lake, akaweka alama moja. Akapekua majarida mengine kuona ni makala ngapi zimegusa jambo lile la namna ya kuhesabu. Ilikuwa hiyo hiyo tu. Basi akaandika pembeni, kwa kuwa haki ni haki hata kwa mwenyewe: moja kati ya moja. Akafunga mlango wa maktaba, akalia kwa furaha.