Bwana Afya na Moshi wa Udi

Neno lenyewe ni miasma. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nusu yake nilikuwa nikiswaga punda. Kwa hiyo barua ya bwana afya ilipokuja kwa Kiingereza, nilimpelekea jirani yetu mwalimu anisomee.

"Anasema amekagua kwenu, hakuna miasma."

"Ndiyo nini hiyo, Bi?"

"Hewa mbovu, mzee wangu, inayopanda kutoka kwenye uozo na maji machafu. Wazungu wa zamani walidhani ndiyo inayoleta homa, kabla hawajamjua mbu. Siku hizi husema hata ofisi iliyojaa hongo ina miasma."

"Basi zote mbili ziko hapa mtaani kwetu Langoni!"

Hebu niambieni nyinyi. Nyumba ya wageni iliyojengwa nyuma yetu imeelekeza bomba la vyoo kwenye mfereji wa mvua, na mfereji unapita chini ya dirisha la binti yangu. Binti yumo ndani ya arubaini, hatoki, na kichanga chake kinakohoa. Mtu mwenye pua anaandika hakuna?

Nilitaka kumwendea ofisini nikamvae. Mwalimu akaniuliza, "Alipokuja mlimpokeaje?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Mke wangu aliposikia bwana afya anakuja, alijaza udi kwenye chetezo, akaongeza na ubani, mpaka paka akapiga chafya. Mgeni kwetu ndivyo anavyokaribishwa. Marehemu mama yangu alikuwa akimfukizia hata fundi wa paa.

Nikaenda nikamwomba bwana yule arudi. Nyumbani nikasema, "Leo chetezo kisiwake."

"Mgeni aingie kwangu bila udi? Watanisema ndia nzima!"

"Mjukuu wako anakohoa, Bi."

Akayamwagia makaa maji.

Bwana afya hakumaliza kahawa. Aliziba pua kwa leso, akaandika akiwa amesimama mlangoni, na kesho yake bomba likaondolewa. Nishukuru? Sishukuru! Nilikwenda kulalamika mara ngapi, wakanirudisha. Ilibidi mke wangu aaibike nyumbani kwake ndipo pua ya mkubwa izibuke. Kichanga sasa kinalala vizuri, alhamdulillahi, lakini bibi yake akimwona bwana afya ndiani huvuta buibui usoni akageuza kichochoro.